Kukua Kiroho kwa Maisha Yote: Mwongozo kwa Anayeanza Kila Januari na Kukwama Kila Februari

Kila baada ya mkesha wa mwaka mpya watu tofauti huniletea swali lilelile: nifanyeje nikue kiroho bila kukwama? Waliahidi kuisoma Biblia nzima na kuamka saa kumi alfajiri kuomba, lakini mwezi wa pili haujafika nusu wameshaacha, na sasa wanaona haya hata kufungua Biblia. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na anayeuandika ni mwenzao, kwa kuwa miaka mitatu mfululizo nilikwama katika Mambo ya Walawi kabla sijakaa chini kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka hana budi kusoma sura tatu na ziada kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka ina 40. Aliyeanza tarehe 1 Januari anafika Mambo ya Walawi mwishoni mwa mwezi huo, wakati ambapo ari ya mkesha imepoa, ada za shule zimekausha mfuko, na mbele yake zimejipanga sura 27 za sheria za sadaka, ukoma na unajisi, zikifuatwa na orodha za makabila katika kitabu cha Hesabu. Mtu huyu hakupungukiwa imani. Alijitwika gunia kabla hajazoea kubeba debe.

Katika Marko 4:26-29 Yesu anasimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu, akalala na kuamka, nayo mbegu ikakua asivyojua yeye: kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu katika suke. Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali aliyekuza ni Mungu. Hatua zifuatazo zinahusu kulima, kumwagilia na kupalilia tu, yaani sehemu iliyo mikononi mwetu.

## Vinavyohitajika

Biblia ya karatasi, katika tafsiri unayoielewa bila kuhangaika. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ina Kiswahili kizito chenye ladha yake, na ndiyo ambayo wengi wameikariri. Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa anayeanza. Ukiweza kuwa nazo zote mbili, utafaidika pale mstari mmoja unapokugomea.

Kauntabuku moja na kalamu. Usitumie simu kuandikia, kwa sababu simu iliyofunguliwa kwa ajili ya Neno huishia kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya mstari wa tano.

Mahali pamoja pasipobadilika, hata kama ni pembe ya kitanda au kigoda cha jikoni.

Mtu mmoja mwaminifu, ambaye nitamweleza katika hatua ya sita, na kusanyiko la waumini unalohudhuria kwa kawaida. Bila hivi viwili vya mwisho, vingine vyote vitakusaidia kwa miezi michache tu.

## Hatua ya 1: Andika hali yako ya leo

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku andika tarehe, kisha ujibu kwa nusu ukurasa: Kwa wiki moja naomba mara ngapi kweli, mbali na kuitikia "Amina" kanisani? Ni nani ambaye sisemi naye? Ni kosa gani limenirudia mwaka mzima? Anayeishi nami nyumba moja angesema mimi ni mtu wa namna gani?

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba ukuaji wa kiroho huenda polepole kiasi kwamba mwenyewe hauoni, kama vile mzazi asivyoona mtoto wake akirefuka mpaka suruali iwe fupi. Ukurasa huu ndio suruali yako.

Jihadhari usiandike jambo linaloweza kumdhuru mtu mwingine likisomwa. Tumia herufi moja badala ya jina. Umefanikiwa ikiwa ulichoandika kinakutia aibu kidogo na hakuna sentensi ambayo ungeisoma kwa sauti katika kikao cha wazee wa kanisa.

## Hatua ya 2: Tenga dakika 15, usizidishe

Funga dakika hizo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: mara baada ya kunawa uso, kabla watoto hawajaamka, au unapongoja chai ichemke. Saa kumi alfajiri haina utakatifu wake wa pekee. Mlinzi au muuguzi anayetoka zamu ya usiku, "alfajiri" yake ni saa mbili asubuhi, na anayejilazimisha kuiga ratiba ya mchungaji wake atakuwa anasinzia mbele za Mungu na kujilaumu kwa jambo ambalo si dhambi.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu siku za moto. Wiki ya pili utatoka kwenye semina au mkutano wa injili ukiwa umejaa furaha, na utataka kuongeza hadi saa moja. Zuia mkono wako kwa siku 40 za kwanza. Kinachojengwa hapa ni uwezo wa kurejea mahali pale siku ambayo hujisikii kitu chochote, na uwezo huo haujengwi kwa siku za furaha.

Utajua hatua imekaa pale ambapo siku uliyopitiwa, unajihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila kupiga mswaki.

## Hatua ya 3: Soma kwa mpango unaobebeka

Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, utalimaliza katika wiki 52 kamili, na kila wiki utabaki na siku mbili za kufidia ulizokosa. Sijaona mpango wa kuanzia ulio mwepesi kuliko huu.

Mpangilio wa vitabu ni juu yako, lakini anza na Marko, kwa kuwa ina sura 16 tu na masimulizi yake yanakwenda mbio. Wiki tatu na siku moja zinatosha. Kisha soma Luka na Matendo ya Mitume kwa mfululizo, maana kwa mapokeo ya kanisa mwandishi ni mmoja na cha pili ni mwendelezo wa cha kwanza. Nyaraka fupi kama Filipi, yenye sura nne, na Yakobo, yenye tano, zifuate baadaye. Agano la Kale lianze mwaka wa pili kwa Mwanzo, vitabu viwili vya Samweli na Mithali. Mambo ya Walawi uyaache mpaka umeshasoma Waebrania, ambayo katika sura zake 13 inaeleza ukuhani na sadaka hizo zilikuwa zikielekea wapi. Ukirudi huko ukiwa na ufunguo huo mkononi, sheria zilizokuwa zikikusinzisha zitaanza kusema.

Ikiwa kanisa lako lina kalenda ya masomo, ifuate hiyo. Kwa Wakatoliki, kwa mfano, masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, mwaka A ukiegemea Mathayo, mwaka B Marko na mwaka C Luka, na anayeyafuata kwa uaminifu haachwi nyuma na mtu yeyote.

Namna ya kusoma sura moja ni hii: isome mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kisha andika sentensi mbili tu, ya kwanza ikisema sura hii inamwonyesha Mungu alivyo, ya pili ikisema inanitaka nifanye nini leo. Mstari usiouelewa uwekee alama ya kuuliza na usonge mbele, halafu umuulize mwalimu wa kanisa au katekista mkikutana.

Maonyo hapa ni mawili. La kwanza, usifumbe macho na kufungua Biblia popote ili mstari utakaoangukia uwe jibu lako. Huko ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. La pili, usinyofoe mstari ukauacha mwili wake. Filipi 4:13, mstari wa kuyaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, umebandikwa kwenye vioo vya daladala na milango ya maduka kama ahadi ya biashara kushamiri, ilhali mistari miwili iliyoutangulia inazungumzia kujifunza kuridhika, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliyeuandika alikuwa kifungoni.

Dalili ya mafanikio ni kwamba mchana, ukiwa kwenye foleni au shambani, sura ya asubuhi inakujia yenyewe na kukubishia hodi juu ya jambo unalokaribia kulifanya.

## Hatua ya 4: Omba kwa maneno ya kuazima mpaka upate yako

Wengi wanaoniambia kwamba hawawezi kuomba zaidi ya dakika tatu hawana tatizo la moyo. Wameishiwa maneno tu. Wanafunzi wa Yesu nao walimwomba awafundishe kusali, na aliwapa maneno. Kwa hiyo azima bila haya.

Chukua zaburi moja kila siku, uisome polepole, na kila baada ya mistari miwili simama uirudie kwa habari za maisha yako. Zaburi ziko 150, na miongoni mwake zimo za shukrani, za toba kama ile ya 51, na za malalamiko makali kama ya 88, ambayo inamalizika gizani bila faraja yoyote. Nataja ya 88 makusudi, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba Mkristo aliyekomaa haombi kwa uchungu.

Baada ya zaburi, omba kwa ajili ya watu watatu ambao si wewe na si watoto wako. Andika majina kwa herufi na tarehe ya kuanza, na uache nafasi pembeni kwa ajili ya kilichotokea. Jibu likiwa "hapana", liandike vilevile.

Jihadhari na sala iliyo orodha ya mahitaji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jihadhari zaidi na yeyote anayekuambia kwamba ukuaji wako umezuiliwa mpaka "upande mbegu" ya fedha mkononi mwake. Neema haina risiti.

## Hatua ya 5: Tii jambo moja kabla jua halijazama

Yakobo anamfananisha msikiaji asiye mtendaji na mtu anayejitazama katika kioo, kisha anakwenda zake na kusahau sura yake. Hatua hii ni fupi kuieleza na ndefu kuitenda. Kutoka katika sentensi ya pili uliyoiandika asubuhi, toa tendo moja linaloonekana: kulipa deni la dukani, kumwomba radhi msichana wa kazi uliyemfokea, kurudisha chenji iliyozidi. Zakayo, alipompokea Yesu nyumbani, alitaja viwango: nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliyedhulumiwa. Toba yake ungeweza kuikagua kwa kalamu na karatasi.

Tendo liwe dogo kiasi cha kumalizika siku hiyohiyo. "Kuwa mpole" si tendo. "Kutomjibu shemeji kwa kejeli jioni ya leo" ni tendo.

## Hatua ya 6: Mpate mtu mmoja, na usilihame kusanyiko

Waamini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya kukutana na kuungamana waziwazi, wakiiita desturi hiyo kutembea nuruni. Huhitaji kurudia kila kitu chao, lakini walijua jambo ambalo wanaojaribu kukua peke yao hulikosa: dhambi iliyofichwa hunenepa, na ikitamkwa mbele ya ndugu mmoja hupungua nusu ya nguvu zake.

Kwa hiyo tafuta mtu wa jinsia yako, aliyekutangulia katika imani, ambaye umeshathibitisha kwa miaka kwamba hapeleki habari. Kutaneni mara moja kwa wiki mbili. Mwulize naye akuulize: Umesoma? Ni wapi umeanguka? Yule uliyekosana naye mmefikia wapi? Kisha mwombeane, mkatawanyike.

Usimchague anayekutaka ujieleze mbele ya kundi, anayekuuliza mambo ya faragha kwa tamaa ya kusikia, au anayekukataza kuzungumza na wengine. Na ikiwa kinachoungamwa ni kipigo nyumbani, mtoto kudhulumiwa au mawazo ya kujiua, maombi yaende pamoja na polisi, ustawi wa jamii au hospitali, siku hiyohiyo.

Kusanyiko nalo, liwe jumuiya ndogo ndogo, ibada za nyumba kwa nyumba au kikundi cha vijana, lisihamwe kila linapokuudhi. Uvumilivu haufundishwi na watu wanaokupendeza.

## Hatua ya 7: Jifunze kurudi

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo wote, kwa sababu karibu kila anayeacha anaacha kwa njia moja. Anakosa siku tatu kwa malaria au msiba. Siku ya nne anaona deni la sura tisa. Anaahidi kulilipa Jumamosi, Jumamosi kuna harusi, deni linafika sura thelathini, na hapo Biblia inageuka kuwa mkopeshaji ambaye mtu hupita njia nyingine asikutane naye.

Kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna deni. Ukiwa umekosa siku zaidi ya zile mbili za fidia, ziache zilizopita, andika tarehe ya leo, na usome sura inayofuata pale ulipoishia. Ukiwa umekosa wiki mbili au zaidi, anza na zaburi moja pekee kwa siku tatu kabla ya kurudi kwenye sura. Ukiwa umekosa miaka, au umeanguka katika jambo linalokuogopesha, usianze na kitabu. Anza na yule mtu wa hatua ya sita, umwambie maneno yasiyozidi kumi, naye atakusaidia mengine.

Yohana Marko alimwacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia akarudi Yerusalemu, na jambo hilo lilimuudhi Paulo kiasi cha kukataa kabisa kwenda naye safari iliyofuata, hata yeye na Barnaba wakatengana. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa amefungwa na akijua kwamba mwisho wake umekaribia, anaagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Kwa mapokeo ya kanisa, Injili niliyokushauri uanze nayo ni ya huyo huyo aliyekimbia.

Onyo la hatua hii: usitangaze kurudi kwako. Ushuhuda wa Jumapili kwamba "sasa nimeanza upya" hukupa sifa mapema, na sifa hiyo inakufanya uogope zaidi kuanguka mara nyingine.

Umefanikiwa ikiwa muda kati ya kuacha na kurudi unazidi kuwa mfupi: mwaka wa kwanza miezi miwili, mwaka wa tatu siku nne.

## Neno la pembeni kuhusu kufunga

Kufunga ni zoezi jema, na Kwaresima inatoa nafasi yake kila mwaka. Anza na mlo mmoja, unywe maji, na chakula ulichoacha kimfikie mwenye njaa. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kila siku wasifunge kabla ya kuzungumza na daktari, na dawa zisiachwe kwa sababu yoyote; wanaweza kufunga maneno, simu au matumizi ya anasa.

Anayekuagiza ufunge bila kikomo, mkimbie. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa, wakiwemo watoto.

## Hatua ya 8: Pima mara moja kwa mwaka

Usijipime kila wiki. Mkulima anayefukua mbegu kuona kama imeota huiua. Chagua siku moja, kama ya ubatizo wako au ya kuzaliwa, ufungue ukurasa wa kwanza na kuandika mwingine pembeni yake kwa maswali yaleyale. Kisha chukua orodha ya tunda la Roho katika Wagalatia 5:22-23, mambo tisa kuanzia upendo hadi kiasi, umwulize mwenzi wako au mtu wa nyumbani ni lipi limeongezeka na ni lipi limepungua. Usimkatize wala usijitetee.

Kuna dalili moja ya ukuaji ambayo watu huidhania kuwa ni kurudi nyuma, nayo ni kuziona dhambi zako zaidi kuliko zamani. Zipange nyaraka za Paulo kwa utaratibu wa mapokeo utaona: kwa Wakorintho anajiita mdogo katika mitume, kwa Waefeso anajiita mdogo kuliko yeye aliye mdogo wa watakatifu wote, na kwa Timotheo, uzeeni, anasema yeye ndiye wa kwanza wa wenye dhambi. Hakuwa amezidi kuwa mwovu. Taa ilikuwa imesogea karibu.

## Majira yakibadilika

Mpango wa kijana wa chuo haumfai mama mwenye mtoto wa miezi miwili. Mama huyo asome mistari mitano wakati ananyonyesha na aiite siku yake imetimia. Aliyefiwa asilazimishwe kuimba. Arudi kwenye Zaburi ya 88. Mwenye kipindi kikavu, ambacho sala haina ladha kwa miezi, aendelee na dakika zake 15 bila kuongeza wala kupunguza, na amwambie mtu wake ukweli.

Uzee nao unahitaji maandalizi, kwa kuwa macho yatafifia. Paulo mzee aliagiza aletewe joho, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Mtu anayengoja kuuawa alikuwa bado anataka kusoma. Anza kukariri sasa, mstari mmoja kwa wiki. Zaburi ya 23 ina mistari 6, ya 121 ina 8 na ya 103 ina 22, jumla mistari 36, ambayo ni wiki 36. Ukiianza ya 23 Jumapili hii, andika mstari wa kwanza kwenye kipande cha karatasi na ukibandike mahali unaponawia uso.